Meno ya Baba Yaliyopakwa Dawa

3 Machi

Mwanangu,
Marahaba, hujambo? Sisi wazima, ila baba yako. Utando mweupe umerudi chini ya meno yake ya bandia, na kwa sukari ile aliyonayo, kila dawa ya fangasi imegonga mwamba. Fundi cherehani mzima anashindia uji. Ulisema huko maabara mnapaka kitu kinachoua vijidudu sugu. Basi nakutumia meno, yapake. Amebaki kibogoyo, na bado ana mdomo wa kunijibu.
Mama yako

29 Machi

Mama,
Shikamoo. Poleni kwa kuuguza. Nimeyapaka vumbi la fedha, ile ya pete, lakini chembe zake ni ndogo hata hadubini ya kawaida haizioni. Zinapenya ule utando ambao dawa zimeshindwa kuupenya. Kwenye vyombo vya maabara fangasi wamekufa. Kwa mtu bado hatujui, ila daktari wake amekubali tujaribu. Akipata homa, mkimbizeni hospitali.
Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,
Hujambo? Mwanzoni ulimi ulitakata, akatafuna nyama, akaanza na kunitania. Sasa weupe umerudi, na homa inapanda na kushuka. Hospitali hataki, anasema mwanawe keshamtibu. Usidhani nimezembea. Kila asubuhi nayasugua meno kwa majivu mpaka yang'ae, dawa yako isikae juu ya uchafu.
Mama yako

26 Aprili

Mama,
Shikamoo. Simu yako haipatikani, barua hii nampa dereva wa basi. Usiyasugue tena. Dawa ile ni ngozi nyembamba juu ya meno, na majivu yameibandua. Sikukwambia, wala sikufikiria. Mpeleke hospitali leo hii, hata kwa kumbeba.
Mwanao

2 Mei

Mwanangu,
Barua yako imenikuta kwenye korido ya wodi. Alianguka akipiga pasi. Fangasi wameingia kwenye damu, na daktari ameniambia niite watoto.

Kuhusu majivu hajui. Kila nesi anayepita anamsimulia kwamba binti yake alimtengenezea dawa na mkewe aliyatunza meno yasipate hata doa. Mimi nimekaa pembeni, naitikia, "Ndiyo."

Njoo upesi. Ukifika, jambo hili tusiliseme mbele yake. Wala akishaondoka usiliseme, mwanangu, sitaliweza.
Mama yako