Shukrani za Pesa Ambazo Sijazikubali

Alhamisi, Julai 1994. Embu.

Leo tena manyunyu. Wiki nzima mlima haujajitokeza, na nguo nilizofua Jumamosi bado zinanuka unyevu. Moyo wangu nao umekaa vivyo hivyo.

Kesho ndiyo siku ya mwisho. Sisi wafanyakazi wa serikali wa ngazi za chini, makarani, mataipisti, madereva na matarishi, tumeambiwa anayetaka kuacha kazi kwa hiari apeleke barua kabla ya ofisi kufungwa kesho jioni, apewe kitita chake aende nyumbani. Hapa mjini watu wanaiita handisheki. Ukishaipokea hurudi tena. Hata kiti chako kinafutwa, hakuna atakayeajiriwa kukikalia.

Barua za wenzangu karibu zote nimezipiga taipu mimi. Maneno yake nayajua kwa moyo, kama Baba Yetu. Yangu sijaiandika.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Naogopa kutoka, na naogopa kubaki. Asubuhi Bosi alipita kati ya meza zetu akasema, "Wenye wanabaki wasikuje kunililia. Hiyo awamu ingine hakuna pesa, ni barua ya kufutwa tu." Kama ni kweli, hakuna anayejua, na labda hata yeye hajui. Lakini meza za walioondoka zimerundikwa koridoni moja juu ya nyingine, na ukienda chooni unazipita ubavu ubavu.

Mume wangu, Baba Mwenda, yeye hana mawazo mawili. Alikuwa mpima kahawa kwenye chama cha ushirika mpaka chama kikafa, na tangu hapo tunakula mshahara wangu, tunalala kwenye nyumba ya serikali niliyopewa mimi, na Mwenda wetu yuko shule ya bweni kwa jasho langu. Kwao ni Mitunguu. Anataka nichukue handisheki tununue pikapu, awe akibeba ndizi kutoka kwao hadi soko la hapa Embu. Mipango yote ameshaipanga. Kwenye mipango ya Baba Mwenda hakuna tairi linalopasuka wala ndizi inayooza njiani.

Nilikuwa nimeanza kumwamini. Kisha leo akaja Mzee Nyaga.

Mzee Nyaga alikuwa tarishi wetu tangu mimi nikiwa msichana mgeni pale ofisini, na ndiye aliyetangulia kuchukua handisheki. Tulimchinjia mbuzi, tukamwimbia. Alinunua lori kuukuu, na sasa lori hilo limepandishwa juu ya mawe uani kwake kule Manyatta, kuku wanataga chini yake. Huja mara kwa mara kuulizia pensheni. Leo alikuwa amevaa lile koti lake la kaki la kazi, vifungo vyote vimefungwa. Akaambiwa asubiri, akaketi kwenye benchi pale mlangoni.

Mara Bosi akapiga kengele. Tarishi hatuna tena, lakini Bosi bado huipiga kwa mazoea, kisha hutoka mwenyewe akinung'unika. Mzee Nyaga akasimama. Akaingia ndani, akatoka na faili kifuani, akazipeleka masjala, akarudi kuketi.

Bosi akarudi kwenye karatasi zake.

Baadaye akaja kwenye meza yangu. "Mama Mwenda, uko na ingine ya kupeleka?"

"Hakuna, mzee."

"Hata ya posta? Naweza fika posta."

Nikampa barua ambayo ingeweza kungoja hadi Jumatatu. Akaisukuma ndani ya koti isilowe, akatoka kwenye manyunyu akitembea haraka haraka kama mtu aliyetumwa na serikali. Nikapita zile meza za koridoni, nikajifungia chooni, nikalia.

Nilipotoka huko nilikuwa nimeamua. Siandiki. Wakitaka kunifukuza wanifukuze, lakini mimi sijifukuzi. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikiyapanga maneno: Baba Mwenda, nimefikiria sana, usinikasirikie. Nilijua tutagombana, nikasema tugombane, tutapatana.

Mlangoni nikakuta viatu vya matope vimejaa hadi kwenye ngazi. Ndani kulikuwa na akina mama wa kanisa letu na wazee wawili, sufuria kubwa ya githeri, na chai ya maziwa ambayo sijui maziwa yake yametoka kwa nani. Baba Mwenda alikuwa amewaita kwa shukrani.

Huku kwetu ndivyo tulivyo. Mtu akingoja jambo kutoka kwa Mungu, hushukuru mapema, kwa imani, ili shetani asipate nafasi ya kulizuia. Na ukishashukuru mbele ya kanisa, kurudi nyuma hakuitwi tena kubadilisha nia. Kunaitwa kumkana Mungu. Baba Mwenda alikuwa amewaambia pesa zangu zimeshapitishwa. Alikuwa ameahidi mabati ya jiko la kanisa. Na mtu huyu hakuwa akisema uongo, hilo ndilo linaloniuma. Aliamini kabisa.

Mama Wanja, mwenyekiti wa akina mama, akanishika mkono. "Mama Mwenda, simama utuambie vile Bwana amekutendea."

Nikasimama. Jibu lilikuwa mdomoni, sijaandika barua na sitaandika, maneno machache tu. Nikamtazama mume wangu kwanza.

Tangu chama kife, wageni wakija kwetu yeye huketi kwenye kigoda karibu na mlango. Huwamiminia watu chai kisha hunyamaza, na wazee hawamuulizi maoni yake. Leo alikuwa kwenye kiti kikubwa, miguu ameinyoosha, anacheka hadi lile pengo lake la mbele linaonekana. Pengo ambalo lilinifanya nimpende nikiwa bado binti wa Kibirichia mwenye matope ya viazi kwenye kucha. Nilikuwa nimelisahau.

Nikasema, "Bwana asifiwe."

Wakaitikia.

Nikasema, "Namshukuru Mungu." Nikaketi. Vigelegele vikapigwa mpaka jirani akachungulia dirishani.

Ni hayo tu niliyosema, na kazi yangu imekwisha.

Nimemkasirikia? Ndiyo, sana. Angeniuliza. Hata jana usiku tu, angeniuliza. Lakini nina hasira zaidi na hao wakubwa wanaotuambia ni kwa hiari. Hiari gani? Huyu anakutisha ukibaki, yule anashukuru kwamba umeondoka, na wewe uliye katikati hakuna anayengoja kusikia unasemaje. Nami mwenyewe nilipopewa nafasi ya kusema, nilisimama mbele ya watu wote nikamlinda mwanamume asiaibike. Huenda nimetulaza sote njaa kwa ajili ya hilo. Sijui kama huo ni upendo au ni woga wenye adabu.

Vikombe havijaoshwa. Baba Mwenda amewasindikiza wageni hadi barabarani, na kutoka hapa jikoni namsikia akiwachekesha, sauti yake iko juu kuliko zote.

Kesho asubuhi nitapiga taipu barua yangu. Lakini nakuuliza wewe, Mungu, maana kwako ndiko nimeshukuru: kama hili ni kosa, kwa nini umengoja mpaka leo ndipo umrudishie mume wangu kicheko chake?