Wanaulizia Pazia, Mimi Nauza Mishumaa

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi nivumilie tu, maana naomba msaada na sina mwingine wa kumwambia haya asinicheke.

Mimi ni mke wa dereva wa lori, natengeneza mishumaa ya manukato jikoni kwangu, naimimina kwenye chupa za jemu ninazoombaomba kwa majirani kwa sababu mtaji wangu ni kile kinachobaki baada ya sukari na sabuni, na tangu zamani nina ndoto ya duka, si la kukodi fremu, hilo siliwezi, ila la mtandaoni, ambalo nikifumba macho naliona kabisa, lina harufu ya mchaichai, lina utulivu, watu wanaingia kutoka miji nisiyoijua, wanapita taratibu, wananusa, wanatabasamu, na mimi nimekaa zangu jikoni nakoroga nta. Mume wangu huniuliza duka lisilo na mlango nitalifunga kwa kufuli gani. Nikalifungua hivyo hivyo, kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Sasa kwenye picha ndipo mambo yalipoharibika, jikoni kwangu giza, chumba pekee chenye mwanga ni cha mama mkwe tunayeishi naye, dirisha lake linapokea jua la alasiri na lina pazia alilolitarizi mwenyewe, majani na ndege, na jua likipita humo chumba kizima kinakuwa kama kiko chini ya maji, ndege wanatembea ukutani, wanapita juu ya shuka, mama amejilaza ubavu na ndege mmoja katulia begani kwake, nami nasimama pale hata nasahau nilichofuata. Nikawa napanga mishumaa yangu dirishani, napiga picha, naposti.

Mshauri, hakuna hata mmoja aliyeulizia mshumaa. Wote, pazia bei gani? Nilijibu ni pambo tu mpaka nikachoka, ndipo akaja binti anayetarajia kuolewa, akasema nyumba yao mpya ina dirisha kama lile na pazia lile analiota, na sijui nilipatwa na nini nikamwandikia, lipo, akatuma malipo ya awali papo hapo, nikanunulia nta. Ila anataka yule ndege wa pembeni asiye na jicho nimmalizie.

Ndege yule hana jicho kwa sababu uchungu ulimshika mama mkwe akiwa na sindano mkononi, aliyezaliwa ndiye mume wangu, na mama hakumrudia tena ndege huyo. Siku hizi mikono yake inatetemeka, hawezi kutarizi. Kila nikitoka chumbani kwake huniuliza, "Mishumaa inauzika, mwanangu?" nami hujibu, "Inauzika, mama." Juzi alipokuwa anaoga nilisimama mbele ya ndege yule na uzi mweusi, mkono ukakataa. Nimewaza nilishushe pazia kama nakwenda kulifua, nimwambie mama limechanika. Nikiliuza nampoteza mama, nisipoliuza duka langu linakufa changa. Nifanyeje?

Mama Mishumaa

JIBU

Marahaba, Mama Mishumaa. Nimekuzidi, kwa hiyo kaa vizuri nikuseme.

Uliuza kitu cha mtu. Tena unataka kusema kimechanika. Pazia limefuliwa tangu mumeo hajazaliwa, lije kuchanika wiki ya oda yako? Mama mkwe wako inayotetemeka ni mikono, akili imetulia tuli.

Lakini nakuonea huruma, sikufichi. Nilisoma barua yako ndege wakapita mezani kwangu mpaka chai ikapoa. Huyo binti simlaumu kuliota, na wewe silaumu ndoto yako. Tatizo ni kwamba umeota mpaka ukasahau kwamba chini ya pazia lile amelala mtu.

Mwandikie bibi harusi leo. Pazia haliuzwi, mwenyewe yupo, ulikosea. Hela yake irudi, hata kama mumeo atakucheka kabla ya kukukopesha. Mishumaa ipigie picha mlangoni kwako asubuhi, mwanga ni wa bure. Na duka halifi. Watu wamekuambia wanachokitaka bila kukutoza hata senti, wenzako hulipia habari hiyo. Usikimbilie mapazia, huna kitambaa wala uwezo. Anza na foronya, kitambaa kidogo, uzi kidogo, na oda upokee ukishajua kushona.

Utajulia wapi? Simu iache jikoni. Ingia kwa mama na sindano na uzi, ukae chini, umwambie yote, na uzi mweusi pia. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Akishapoa mwombe akufundishe. Mikono yako haitetemeki. Yeye achague rangi na akugombeze ukikosea, wewe ushone, na fungu lake apewe mkononi, si kuambiwa limeingia kwenye mboga.

Ndege yule mwacheni bila jicho.

Na kabla hujaanza kumweleza, mama atakuuliza tena kama mishumaa inauzika, nakuhakikishia. Safari hii mjibu ukweli, "Hapana mama, watu wanaulizia pazia lako." Kisha mtazame usoni. Hiyo ndiyo picha ambayo hutaiposti.