Ile Brashi Yako Haikuwa ya Mbuzi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia marahaba, na kwa haya nitakayokuambia, huenda hata ungekuwa hai usingeitikia.

Unakumbuka siku ulipokuja mjini kutoka Mlali na ile brashi ya kunyolea ndevu uliyorithi kwa mjomba wako? Ulikuwa umeifunga kwenye leso kama kidole kilichoumia. Mpini wake wa pembe ya nyati ulikuwa na ufa ubavuni, na nywele zilizobaki zilikuwa chache kuliko zako. Ukasimama mbele ya meza yangu, ukazitazama brashi kuukuu za watu nilizokuwa nazifufua, ukaniuliza, "Mpwa, na mtu anakula kwa kazi hii?"

"Anakula, Mjomba, ila hashibi."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulikuwa wa kwanza katika ukoo kuniletea kazi. Wengine walikuwa wakiniombea dua nipate kazi.

Ukauliza jambo moja tu: "Nywele utakazotia ni za mnyama gani?"

"Mbuzi," nikasema. "Wa hukohuko kwenu."

Wakati nasema hivyo nilikusudia kweli. Lakini ufundi huu nimejifunza mwenyewe, kwa kuharibu brashi za watu wasio na haraka, na nywele za mbuzi zilikuwa bado hazijaniheshimu. Ni laini, zinateleza. Nilizifunga mara tatu, na mara tatu zikalala kama nyasi zilizokanyagwa. Wewe ulitaka kuitumia Ijumaa. Kwenye boksi langu kulikuwa na kishungi kizima cha nywele, kigumu, nilichokichomoa kwenye brashi ya mitumba. Nilijua ni cha mnyama gani. Nywele za nguruwe ncha zake zimepasuka, na zikilowa zina harufu yake. Nikakigandisha kwenye mpini, nikaziba ufa, nikapiga msasa ile pembe mpaka ikang'aa.

Kisingizio nilikuwa nacho. Nilipochokonoa mabaki ya nywele za zamani nilikuta nazo ni za nguruwe. Mjomba wako alizitumia, nawe ukazitumia miaka yote hiyo, basi kimeharibika nini? Kilichoharibika ni kwamba nyinyi hamkujua. Mimi nilijua.

Ijumaa ile nilikuletea mwenyewe Mlali. Ulikaa kwenye kigoda uani, mlima nyuma yako umejifunika ukungu, ukasema bismillahi, ukakoroga povu la sabuni na kujipaka mashavuni. Kidevu ukakiacha na ndevu zake, kama kawaida yako.

"Ona povu hilo! Mbuzi huyu alikuwa na adabu."

Nikacheka. Mjomba, nilicheka.

Ungenyamaza ingekuwa nafuu kwangu. Wewe ukanitangaza msikitini. Baada ya wiki mbili Mzee Kibwana, rafiki yako, na wenzake wawili wakaleta brashi zao. Hao, kwa woga, niliwatilia mbuzi wa kweli, na zikalegea kama nilivyotegemea. Mzee Kibwana akakubana mbele yangu: "Mbona yako imesimama na zetu zimelala?"

"Mbuzi wenu wavivu kama nyinyi," ukamjibu. "Halafu mimi ndiye mjomba wake, bwana. Mnataka tulingane?"

Mzee akanigeukia. "Eti, fundi? Mbuzi wake na wetu ni mmoja?"

Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Miaka minne ukajinyoa kwa brashi ile kila Ijumaa, ukaoga, ukaenda kuswali. Kila nilipokuja nilikuwa na maneno mdomoni. Ukinimiminia chai nayameza pamoja nayo. Ulipougua nikajiambia mgonjwa hasumbuliwi. Ulipofariki nililia, lakini ndani ya kilio kile kulikuwa na kitu kinapumua, kama mtu aliyepona kesi. Hicho ndicho kinachonitia aibu kuliko brashi yenyewe.

Juzi, baada ya arobaini yako, tulikaa kugawana vitu vyako. Mkeo, Bi Mwanaidi, akampa Mzee Kibwana ile brashi, kwa sababu ulimtania nayo sana. Akaipokea kwa mikono miwili. Akatabasamu, akaanza kuisogeza shavuni kuijaribu.

"Mzee, usijipake," nikasema. "Hizo si za mbuzi."

"Ni za nini?"

Nikamtajia.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningeshukuru kama wangepiga. Mzee Kibwana akaiweka chini polepole, akavitazama viganja vyake. Bi Mwanaidi akainuka kwenda kuleta maji na udongo wa kuondolea najisi.

"Marehemu hana lawama, hakujua," Mzee akasema. "Lakini wewe. Ulikuwa ukimtazama anajinyoa, anaondoka kwenda kuswali?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na unamuaga?"

"Namuaga."

Mzee akanyoosha mikono, Bi Mwanaidi akaanza kummiminia maji, na mimi nikakaa palepale nikiwahesabia: mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba.

Brashi nimerudi nayo mjini, maana hapakuwa na mwingine wa kumwachia. Bi Mwanaidi hajanifukuza. Ila alipoagana nami aliniita kwa jina langu tu, yeye ambaye tangu utoto wangu ameniita "mpwa wetu". Nilifika nusu ya njia kabla ya kulielewa hilo.

Sikuombi unisamehe, Mjomba. Ungenisamehe upesi, kwa mzaha, na nilikwisha jificha sana nyuma ya mizaha yako. Nimeandika ili niwe nimekuambia. Ulistahili kuwa wa kwanza kujua, nami nimekufanya kuwa wa mwisho.

Mwenyezi Mungu akupokee na swala zako zote, kila moja.

Ni mimi,
mpwa wako