Miguu Yangu ya Chapati

Jumanne, 8 Julai 2025

Wameniita! Kampuni ya safari za miguu — usaili Iringa, tarehe 22. Kazi ni kutembeza watalii porini, kilomita ishirini kwa siku, na unalipwa. Mimi ambaye natembea bure tangu nizaliwe! Niliruka mpaka nikamwaga ndoo ya maji ya Mama.

Halafu nikasoma ukurasa wa pili. Vipimo: macho, mapafu, nyayo. Mwenye nyayo bapa "atachunguzwa zaidi".

Nikaangalia pale nilipokanyaga maji. Kwenye saruji — chapati mbili. Hakuna upinde, hakuna kiuno, unyayo mzima umelala chini kama mlevi. Dah. Kazi yenyewe ndiyo hiyo moja niliyoitwa katika barua kumi na tisa za maombi nilizotuma.

Alhamisi, 10 Julai

Nimempelekea Batuli miguu. Jirani yetu huyu anasoma fiziotherapia mwaka wa tatu, na tangu aanze hana tena adabu ya kumtazama mtu usoni, anaanzia chini. Nikasimama, nikageuka. Akasema kisigino changu kimeinamia nje na kifundo kinaangukia ndani. Nikamwambia asante shoga, na wewe umependeza.

Akanivuta mpaka buchani, akanunua kongoro bichi, mguu wa ng'ombe na kwato yake. Kwenye sehemu iliyokatwa kulikuwa na uzi mweupe umechomoza. Akauvuta — kwato ikajikunja! Mwenye bucha alitutazama kama wachawi. Batuli akasema mguu wa mtu ni hivyohivyo, kamba na kapi, ila mtu ana mifupa ishirini na sita kila upande. Ng'ombe yeye anatembelea kucha, ndiyo maana hana shida ya nyayo. Heri yake.

Habari njema: chini ya unyayo kuna utepe mgumu, kutoka kisigino mpaka vidoleni. Ukiinua kidole gumba utepe unavutika, upinde unapanda. Nikainua. Mwe! Upinde! Mimi Bupe nina upinde! Ukishusha kidole tu, chapati inarudi.

Nimeshapata mpango. Siku ya kipimo nitasimama vidole gumba juu, uso wa kanisani. Batuli anasema huo ni wizi. Namwambia ni sayansi.

Kongoro tulilipika jioni. Sayansi tamu sana.

Jumapili, 13 Julai

Baridi ya hapa kwetu Uyole, na kila asubuhi nakanyaga maji ya beseni kujipima alama — nitapita kipimo nikiwa sina vidole. Naokota gololi kwa miguu, mara thelathini kila upande. Kanisani nilisimama wimbo mzima nimeinua vidole gumba. Ubeti wa tatu msuli ukakaza nikapiga kelele. Mama mmoja nyuma yangu akaitikia "Amina!"

Mchana nikamuuliza Mama nani kwetu ana miguu hii. Yake ina upinde wa kupitisha paka. Akasema, Gwe, mshukuru Mungu unayo miwili. Nikauliza, basi ni ya upande wa baba? Akakumbuka ghafla kwamba hajaanua nguo. Zilikuwa zimeanuliwa jana.

Baba, kwa hadithi ya nyumba hii, alikwenda Tunduma kununua betri ya lori. Miaka ishirini na tatu. Hiyo betri naona wanaitengeneza kwa mkono.

Jumatano, 16 Julai

Nimeenda kwa Mzee Matano, baba yake Batuli, kutafuta buti za usaili. Anauza viatu vya mtumba hapo sokoni na anasoma soli kama mwalimu anavyosoma daftari. Huyu alibeba mizigo, huyu alikuwa anavuta mguu, huyu alikufa na deni. Nikampa raba zangu. Akazigeuza. Zimelika upande wa ndani, kisigino mpaka dole gumba.

Akacheka. Akasema ulaji huu ameuona kwa mtu mmoja tu maishani — Sedekia, fundi breki, alikuwa akija na malori mwaka 2001, jozi moja haimalizi miezi mitatu. Sasa ana gereji yake Ipogolo, kule Iringa, barabarani kabisa.

Akaiangalia raba, akaniangalia mimi, akaiangalia raba. Akasema samahani mwanangu, nina wateja. Hakukuwa na mteja hata mmoja.

Buti amenipa kwa bei ya bure. Hilo ndilo lililonitisha. Mzee Matano hajawahi kumpunguzia mtu hata mia.

Batuli anathibitisha: nyayo hizi mara nyingi ni za kurithi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimetamka neno moja tu mbele ya Mama. Sedekia.

Aliendelea kuchambua viazi. Vizuri kulia, vilivyooza kushoto. Akasema: alisema mimba si yake. Alisimama mbele ya babu yako akasema hivyo, na mkononi ameshika kofia. Nikauliza betri je? Akasema betri aliitunga yeye mwenyewe, maana mtoto anahitaji cha kuwaambia wenzake.

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Badala yake nikaokota kiazi kimoja, kimeoza, nikakiweka kushoto. Nimeumia mpaka sasa naumia.

Mama kaniambia niende Iringa kutafuta kazi, si kutafuta mtu. Nimemwambia ndiyo Mama.

Jumatatu, 21 Julai

Iringa. Gesti. Nimefika salama, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi. Kitanda kina mguu mmoja mfupi. Kumbe si mimi peke yangu.

Ipogolo tumeipita. Nilifumba macho, kisha nikafumbua kuchungulia mabango ya gereji. Ziko nyingi mno.

Jumanne, 22 Julai — saa sita na nusu

Macho safi. Mapafu safi. Nyayo...

Daktari wa kampuni ni mzee wa miwani, mpole. Beseni, karatasi ya kaki, kanyaga. Nikakanyaga, vidole gumba juu, uso wa kanisani. Hata hakuinua kichwa. "Shusha madole, binti. Wewe ni wa nne leo."

Nikashusha. Chapati.

Akaniambia nisimame kwa ncha za vidole. Upinde ukapanda wenyewe, kisigino kikarudi ndani. Akasema unyayo wangu ni laini, una nguvu, si ugonjwa. Nikataka kumbusu. Lakini kuna fomu! Akanieleza: ukiwa na miaka ishirini na tatu kila mguu ni mzima, kampuni inataka kujua wa miaka hamsini utakuwaje. Mzazi mwenye nyayo kama hizi ajaze — zimewahi kumuuma, anatembeaje — asaini. Nikasema mama yangu hana. Akasema, basi ni baba. Kabla ya saa kumi leo.

Nikasema sawa. Nimekaa nje ya lango kama mjinga, nimeshika karatasi. Nimepanda bajaji.

Saa tisa na dakika kumi

Niko Ipogolo, benchi la gereji ya Sedekia, ya sita niliyoulizia. Naandika upesi.

Nilimkuta bombani anaosha miguu, suruali imekunjwa. Mtu mfupi, mvi. Akafunga bomba, akavuka sakafu kwenda kivulini. Nyuma yake kwenye saruji — chapati, chapati, chapati. Zangu, saizi kubwa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Gari gani?"

Nikasema si gari, ni miguu. Nikavua buti, nikaloweka miguu kwenye maji yake, nikasimama kando ya alama zake. Maji baridi! Nikatoka pale nilipokanyaga.

Aliangalia alama zangu, akaangalia zake. Akauliza, wa Uyole? Nikasema wa Uyole. Hakuuliza jina la mama yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, badala yake nikakunjua karatasi.

Nikampa fomu. Akaisoma kwa kidole. Zimewahi kuuma? Hata siku moja, akasema, nimetembea kwa miguu hii kutoka Kalenga kwenda shule miaka saba. Akasema hivyo na tabasamu kidogo, akalikamata. Kidole kikashuka mpaka mstari wa mwisho. *Uhusiano na mwombaji.*

Kikasimama hapo.

Akasema, ngoja nitafute kalamu. Akaingia ndani na fomu yangu.

Saa tisa na nusu. Alama zake zimekauka, zangu bado kidogo. Ndani kimya, hakuna droo inayofunguliwa. Kuna mlango wa nyuma, naona mwanga wake kutoka hapa nilipokaa.

Kalamu hii ninayoandikia nilikuwa nimeichomeka kwenye nywele muda wote tukiongea. Aliiona.