Masaa Kumi na Tano ya Mchumba Wangu Yako kwa Nani?

Safu hii inatangaza, kwa uzito wote unaostahili, kwamba msomaji wetu mmoja amesukwa upande wa kushoto wa kichwa tu, na ameapa upande wa kulia hautaguswa mpaka tumjibu. Barua yake hii hapa.

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie haraka, na tafadhali usinicheke, maana wa kunicheka ninao wa kutosha hapa kazini. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, mchumba wangu ni fundi lifti huko mbali, na Ijumaa anakuja tufunge ndoa, yaani nina furaha mpaka juzi nimemwambia mgonjwa "karibu mpenzi" akasahau jino lipi linauma, sasa jana niko kwa msusi najisifu, nikasema wangu atakuwa njiani siku nzima na usiku wake, msusi akaacha kusuka, akachukua simu, akaandika uwanja wa ndege wa kule na wa kwetu, ikaja kilomita elfu saba na mia tano, masaa tisa, akanisomea mara mbili kama hukumu, akasema, "Mwenzangu, tisa haya hapa. Kumi na tano yaliyobaki anayalala kwa nani?" nikainuka na kichwa nusu, nikampigia hapo hapo, nikamuuliza unapitia wapi, akacheka, "Napita angani, mpenzi, kwani umesikia nakuja na baiskeli?" mshauri, mtu asiye na la kuficha anacheka hivyo? nikakimbilia kwa mama, mama akasema, "Mwanangu, baba yako sokoni ni dakika kumi, alikuwa anatoka asubuhi anarudi magharibi, na wala hakuwa na ndege," sijui ananituliza au ananimaliza, ujumbe wa kuvunja uchumba nimeshauandika, kidole kiko juu ya kitufe, na bado nikiona lifti yoyote natabasamu peke yangu, nitume au nisitume?

Nusu Kichwa

Nusu Kichwa, kwanza toa kidole hapo.

Pole, mdogo wangu. Kumngoja mtu wa mbali kunachosha kuliko kusafiri. Lakini wewe nawe! Unataka kumwacha mwanaume kwa ushahidi wa mtu aliyeshika kitana mkono mmoja na simu mkono wa pili? Umemuuliza swali la polisi, kakujibu utani wa mchumba, ukaona kosa ni lake. Na mama yako mwache, kesi ya sokoni ni yake na baba yako.

Futa ujumbe huo leo. Rudi kwa msusi amalizie upande wa kulia, simu yake ikae mkobani. Wagonjwa wa meno wana mateso ya kutosha bila kupokelewa na kichwa hicho. Ijumaa nenda uwanjani na viatu vya chini na maji ya kunywa. Akitoka na macho mekundu na shati lililokunjamana, mkumbatie. Usimnuse kola.

Nami ni binadamu, shaka iliniingia kidogo, nikapiga simu ofisi ya tiketi. Kilomita ni kweli, masaa tisa ni kweli, msusi wako hakukosea hesabu. Ila hakuna ndege inayoruka moja kwa moja kati ya viwanja hivyo viwili. Abiria wote hushuka katikati ya safari, wakakaa kwenye benchi, wakasubiri nyingine.