Chungu cha Watu Sita

Mishomoroni, Kisauni
Jumapili, baada ya ibada

Mpenzi dada yangu Dama,

Pokea salamu zetu zikiwa bado na joto la huku, maana najua huko Uswisi mnalihitaji. Sisi sote wazima. Goti la Mama linamsumbua anapoinuka lakini halimsumbui akiitwa harusini. Wifi yako Sidi mzima, na anakusalimu kwa herufi kubwa. Mimi nami sijambo, ila kitambi kimeanza kufika mahali kabla yangu. Wewe je? Mgongo umepoa? Wale wazee wako kazini bado wanakuita kwa jina la yule muuguzi aliyestaafu?

Kabla ya yote, nina tangazo rasmi. Kama umeshika kikombe, kiweke chini. Baada ya mashauriano marefu ya kifamilia, na baada ya ndimu, magadi na majivu kufanya kazi bila kupumzika, mimi Kaingu, mkuu wa nyumba hii kwa idhini ya mke wangu, natangaza kwamba friji yetu imeacha kunuka. Jana nilikunywa maji baridi yakawa na ladha ya maji. Sidi alipiga vigelegele.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ziko. Lakini kwenye simu Mama hukaa ubavuni mwangu kama wakili, na haya nataka uyasome peke yako. Margret, yule uliyempa mzigo atuletee, anarudi huko wiki hii, atakuletea mkononi. Uliniambia mwisho wa mwezi unapeleka notisi kazini, unatoa akiba yako yote, unakuja kukodi lile jengo la Mtwapa ufungue hoteli ya fondyu, hiyo jibini yenu ya kuyeyusha chunguni na kuchovya mkate. Tena ulisema umekata shauri baada ya kusikia sauti niliyokurekodia. Basi soma barua hii yote kabla ya hiyo notisi. Usiruke ukurasa, nakujua.

Nianze na jibini yenyewe. Margret alinikabidhi ule mzigo wako, chungu, uma na jibini, kwa mkono ulionyooshwa, kama mtu anayemrudishia mwenziwe nepi. Alisema sanduku lilichelewa, likakaa uwanja wa ndege kwenye joto hili letu la mwezi huu. Nilipofungua karatasi, nilikuta kitu cha rangi ya kisigino kinatoka jasho. Dada, nimekula vingi maishani, lakini sijawahi kuona chakula kinachotoka jasho kabla ya mlaji. Harufu ilikuwa ya soksi, ila soksi ya mtu mwenye huzuni.

Nikakitia kwenye friji. Jioni hiyo stima ikapotea mpaka kesho yake. Iliporudi, maziwa yalikuwa yananuka miguu, maji yananuka miguu, hata barafu ilikuwa na miguu ndani. Sidi alifungua friji, akaifunga taratibu, kisha akanitazama nyayo.

Jirani yetu Jerioth, yule mwalimu wa bara tunayepakana naye ukuta, aliniita pembeni kwa heshima zake zote. Akasema hapendi kuingilia mambo ya watu, lakini anahofia kuna panya amekufa kwenye dari yetu, na kama sina ngazi yeye anayo. Mimi kwa aibu ya kusema ni chakula cha dada yangu, nikaazima ngazi. Nilipanda darini na kitambi hiki, nikamtafuta kwa bidii panya niliyejua hayupo. Jerioth alikuwa chini ananimulikia tochi na kunipa pole.

Siku ya shughuli ikawa Jumamosi, si ya jana, ile ya kabla yake. Ulisema nialike watu wa kawaida, si wa mahoteli, ili tujue kama biashara itashika. Basi nikamwalika Jerioth, nikamwalika Kadenge fundi viatu wa Bombolulu, na Jacktone wa kule Changamwe kwenye matangi ya mafuta. Ukiongeza mimi, Sidi na Mama, tukawa sita, sawasawa na zile uma ndefu ulizotuma.

Maelekezo yako Sidi aliyasoma kwa sauti jikoni, Mama akiwa mlangoni anachambua mchicha. Alipofika pale uliposema "tia vijiko viwili vya wanga," Mama aliacha mchicha. Akataka lirudiwe. Likarudiwa. Akauliza kwa nini umetumwa ng'ambo na kanisa likakuombea, halafu unaturudishia wanga kwa vijiko. Nikamweleza kwamba wanga huo si wale wa usiku, ni unga mweupe wa kufanya kitu kiwe kizito. Akasema hata hao wa usiku huanza hivyohivyo, na unga mweupe. Ikabidi tuuache, tukatia unga wa sima.

Halafu mvinyo. Umeandika "mvinyo mweupe, mkavu." Kadenge, aliyekuja mapema kusaidia, yaani kuonja, akacheka mpaka akakaa. Akaniuliza kitu cha kunywa kitakuwaje kikavu, kwani kimeanikwa? Tukakubaliana kwamba neno hilo umelikosea kwa ajili ya baridi. Lakini mvinyo mweupe tunaujua sisi, umetulea. Kadenge akaenda akaleta mnazi. Bahati mbaya ulikuwa wa jana, umeshachacha, unapiga kelele ndani ya chupa. Nikaumimina wote chunguni.

Jacktone akafika wakati chungu kiko motoni. Unamjua, mtu wa adabu, akavua buti mlangoni. Hapohapo harufu ikatoka jikoni na kutua sebuleni. Kila mtu akamtazama yeye. Jerioth akafungua dirisha. Sidi, kwa upole mkubwa, akamletea beseni, maji na sabuni, akamwambia karibu shemeji, umetoka kazini, jipoze. Maskini Jacktone akanawa miguu. Harufu haikutoka. Akabeba buti akaziweka nje ya geti. Harufu ikazidi. Akawa anajinusa kwapa kwa siri, mtu mzima wa kazi yake, mpaka nilipoingia na chungu nikakifunua mezani. Akaruka kutoka kitini. "Buda! Kumbe ni chakula? Mmeniosha miguu kwa makosa ya chakula?" Na mpaka leo anadai aombwe radhi mbele ya mashahidi.

Ndani ya chungu mambo yalikuwa yameharibika. Kwa kuwa yale mafuta ya kile kijitaa cha kupashia chungu hayakuruhusiwa kwenye ndege, niliweka jiko la makaa chini. Kumbe moto umezidi. Jibini ikajikunja yote katikati ikawa donge, na mnazi ukabaki pembeni kama maji ya kuoshea mchele. Donge likawa linapumua, dada. Linapanda, linatoa povu, linashuka. Jerioth akasali sala ya chakula, ndefu kuliko kawaida.

Mimi kama mwenyeji nikaanza. Nilichoma kipande cha mkate kwa uma, nikazamisha, nikavuta. Nyuzi zikavutika kutoka chunguni mpaka kidevuni, nikikata huku zinashika kule, nikakumbuka watoto walipokuwa na mafua na mimi sina kitambaa. Ile picha uliyoipenda, niliyofumba macho, ukasema kaka anasikilizia utamu, ilipigwa hapo. Nilikuwa namwomba Mungu kiende upande mmoja, chini au juu, lakini kisikae katikati. Mama hukiita chakula chako "fundo," na kilipofika kooni kikawa fundo kweli.

Kadenge akakibonyeza kwa uma, akakivuta, akakiachia kikarudi. Akasema kwa sauti ya fundi kwamba nimepoteza nafasi ya biashara, kwa sababu hii ni gundi ya soli na huku mjini gundi ni ghali. Jacktone akasema chizi hii itatutia uchizi. Jerioth, kwa heshima, akasema ina ladha ya pekee, kisha akanywa maji mfululizo kama ngamia.

Kilichotuokoa ni ile sheria yako. Si uliandika kwamba anayedondosha mkate chunguni hali, anatozwa faini ya wimbo? Jacktone akaudondosha wa kwanza, kwa bahati tu, akaimba, akasamehewa kula. Baada ya hapo, dada, mikono yote mezani ikapata ugonjwa. Kadenge akadondosha. Sidi akadondosha. Mimi nikadondosha huku nikisema ah! kama mtu aliyeumia. Jerioth wa kwaya akawa anadondosha kabla hata uma haujafika, anasimama mwenyewe, anatoa ubeti wote na kiitikio. Watu waliimba kwa moyo. Ile video aliyokutumia Jacktone, ya vicheko na nyimbo, uliyosema imekuliza ukiwa kwenye basi, ndiyo hiyo. Hatukuwa tunasherehekea jibini. Tulikuwa tunaikimbia.

Baadaye Sidi akasonga sima na kupasha papa wa nazi, tukala tukashukuru. Najua utasema papa naye ananuka. Nakumbuka uliponiambia ulimchemsha huko na jirani wa chini akagonga mlango kuuliza kama kuna maiti. Sikatai. Kila watu na uvundo wao. Lakini hoteli ya uvundo wa wenyewe huwezi kuiuza Mtwapa. Chungu ulichokiona kitupu kwenye picha, hakuna aliyekimaliza. Donge lilitoka zima kama kofia, nikalizika nyuma ya migomba, na mpaka leo kuku hawachakuri pale.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizungukazunguka.

Nimesema donge lilitoka zima. Si kweli, lilikuwa na pengo upande mmoja. Wakati sisi tunaimba na kudondosha, Mama alikuwa anakula. Hakudondosha hata mara moja. Anachoma, anazamisha, anatafuna, machozi yanamlenga, anameza. Nikamwambia Mama acha, si lazima. Akanijibu, "Niache. Nataka nijue mwanangu anakula nini huko." Jacktone akaacha kucheka. Mama akaendelea mpaka kipande chake cha mkate kikaisha.

Wageni walipoondoka akasema ataosha chungu mwenyewe. Unamjua Mama na vyungu. Akakigeuza kutazama kitako. Chini kulikuwa na karatasi ya bei ya dukani, imebanduka kidogo kwa moto wangu wa makaa. Kile kikombe cha kijitaa akakichungulia, kilikuwa kinang'aa, hakijawahi kuona moshi. Na mimi, Dama, ndiye niliyezitoa zile uma kwenye nailoni yake asubuhi, nikaificha nailoni mfukoni. Wewe uliandika kwamba hiki ndicho chungu mnachokizunguka na marafiki zako kila majira ya baridi, tangu mwaka wako wa pili, mkiimba mpaka jirani anagonga ukuta.

Mama hakusema umedanganya. Alikipangusa kile chungu, akaniuliza: "Hiki ni cha watu sita. Yeye anakula na nani?"

Nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikakurekodia ile sauti. Nikasema fondyu imependwa, watu wamegombania, fungua hoteli upesi. Hakuna aliyenituma. Wala sikusema vile kwa adabu, eti chakula cha zawadi hakitukanwi. Niliona jibini ndiyo kamba pekee iliyobaki ya kukuvuta. Nikasema moyoni, pesa zake na zipotee, miaka yake yote ya kubeba wazee wa watu na ipotee, mradi ipotelee hapa tunapoweza kumwona. Huo ndio uovu wangu, dada, na unanuka kuliko friji. Wiki nzima umekuwa ukinipigia kwa furaha kuuliza bei za meza na viti, na mimi nakujibu.

Kwa hiyo usikodi lile jengo. Hakuna mtu hata mmoja Kisauni nzima atakayelipa kula kile kitu. Akiba yako iache ilipo. Kazi, ukitaka kubaki nayo, baki, hakuna atakayekulaumu. Na ukitaka kurudi, rudi tu. Hatuhitaji uje na hoteli mkononi ndipo tukufungulie mlango. Ila swali la Mama bado liko mezani, na mimi siwezi kukujibia. Mjibu mwenyewe, na mjibu kweli. Mimi nimeanza.

Jerioth, Kadenge na Jacktone wanakusalimu, huyu wa mwisho akiwa na miguu safi. Sidi amekufungia papa kwenye karatasi nyingi. Margret nimemwonya asithubutu kufungua ndani ya ndege.

Chungu tumekiosha kikatakata, kiko juu ya kabati. Uma ni sita na ukija tutakuwa saba, lakini usijali. Mimi nitatumia mkono.

Ni mimi kaka yako,
Kaingu