Mate ya Cucu na Mwaloni wa Kitisuru

Jumamosi, Julai. Mawingu tangu asubuhi, jua limegoma kabisa.

Niko saiba, duka la intaneti, hapa Kenyatta Market, vidole vimekufa ganzi. Saluni ya jirani wanacheka kwa sauti na ningependa kuwanyamazisha wote. Mapajani nina fungu la vijiti lililofungwa kwa gazeti lenye maji, na mwenye saiba ananitazama kana kwamba nimekuja kumuuzia mboga.

Anayenisoma hapa anaijua kazi yangu: nakuza miche ya ndizi kwenye chupa, maabarani. Unakata kipande cha chipukizi, unakiosha kwa klorini, unakiweka juu ya jeli yenye chakula, unafunga kifuniko. Baada ya hapo hewa ya nje ikiingia, hata pumzi yako, ukungu unakula kila kitu.

Mwaka huu tulipata kazi ya ajabu. Mama Kulwant, mama mzee wa Kitisuru, alitaka mtoto wa mwaloni ulio nyuma ya nyumba yake. Marehemu mumewe aliupanda walipohamia pale. Mbegu zake hazioti, vijiti vyake havitoi mizizi, na wanawe wameuza kiwanja ili yajengwe maghorofa. Mti ulikuwa ukatwe Jumatatu.

Nilijaribu chupa nyingi. Nyingine zilishikwa na ukungu, nyingine chipukizi lilitoa utomvu mweusi likajiua lenyewe. Ikabaki chupa yenye majani mawili, madogo kama kucha za mtoto.

Moja tu.

Alhamisi stima ikapotea mtaa mzima wa maabara, na jenereta haina dizeli. Jana jioni chumba cha chupa kilikuwa baridi kama friji. Ndizi hazipendi baridi, huo ndio wimbo niliofundishwa tangu siku ya kwanza. Nikashikwa na woga. Bila kumwambia Daktari, mkubwa wangu, nikaifunga chupa ndani ya sweta nikaenda nayo nyumbani Mutuini, nikaiweka jikoni, hatua chache kutoka kwa jiko la makaa. Kutoa chupa maabarani ni mwiko, na nilijua.

Cucu, nyanya yangu, akauliza ni nini. Nikamwambia ni mwaloni, mti wa Ibrahimu kwenye Biblia. Nikalala nikijiona mjanja.

Asubuhi nikamkuta jikoni, chupa mkononi, kifuniko mezani. Alikuwa akijitemea mate viganjani, kidogo kidogo, kama wazee wetu wanavyombariki mtoto mchanga, kisha akayagusa yale majani mawili kwa kidole.

"Thaai," akasema, amani kwa Kikuyu, akanigeukia kwa furaha. "Mtoto wa mti wa Ibrahimu hawezi kulala nyumbani kwangu bila baraka, Wambui."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kulia pia. Nikasema tu, "Asante, Cucu," nikarudisha kifuniko, utadhani kufunga kungesaidia kitu.

Shida ni kwamba ukungu hauonekani siku hiyo hiyo. Chupa leo ni safi, inang'aa. Huenda ikabaki hivyo. Huenda katikati ya wiki ikajaa manyoya meupe, na wakati huo mwaloni utakuwa kuni. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Kwetu ukungu ni jambo la kila siku, hakuna anayeuliza umetoka wapi. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikijidanganya kwamba namwacha Daktari amalize chai.

Mficha uchi hazai. Nikapiga.

Nikamsimulia kuanzia sweta hadi jikoni. "Wambui," Daktari akasema, "huo ni mti wa nchi za theluji. Hii baridi ya Julai ni nini kwake? Hiyo si ndizi!"

Ni kweli. Nimelea ndizi mpaka naona kila kitu ni ndizi.

"Nenda ukate machipukizi mengine leo. Mimi natafuta dizeli, kesho asubuhi tukutane lab. Hayo mengine tutaongea Jumatatu."

Hayo mengine nayajua: nilitoa chupa bila ruhusa.

Nilipompigia Mama Kulwant aliongea kabla sijamaliza salamu. "Kuja sasa hivi. Wameanza kukata matawi leo."

Nikafika msumeno unalia, nusu ya mti iko uchi, matawi yamelala nyasini. Mama amesimama barazani na shali yake, halii, lakini ameshika nguzo. Nikamweleza yote, hata mate. Nilitarajia anifukuze. Akateremka ngazi, akawaendea wakataji, akawaamuru wazime mashine. Wakazima.

Nikakata machipukizi kwenye matawi yaliyoanguka, bado mabichi. Nilipomaliza akaniomba fungu. Akaligusisha kwenye paji la uso wake, macho amefumba, midomo ikitembea bila sauti. Mara akashtuka, akanirudishia haraka.

"Pole, pole! Nimeharibu?"

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Haya bado hayajaoshwa."

Ndipo nikasikia nilichosema.

Maskini Cucu. Hakukosea kubariki. Mimi ndiye niliyempelekea mtoto aliyekwisha kuoshwa.

Kwa hivyo nikitoka hapa naenda Mutuini na hili fungu, nalifungua juu ya meza ya jikoni. Sitamwambia habari za ile chupa. Nitamwambia mama mwenye mwaloni ametangulia kubariki, na sasa ni zamu yake, ateme mate atakavyo.

Jumatatu sijui kama nitakuwa na kazi. Lakini klorini ni kesho. Leo ni ya Cucu.